Ukanda Ambao Sikuukata

Mara ya kwanza dada yangu Orpha alipolichoma moto shamba la juu, magari manne yalisimama barabarani kutazama, na hakuna aliyeshuka kumsaidia. Gari moja lilikuwa langu. Nilishusha kioo nikamwona akipita na tangi la maji mgongoni, uso umejaa masizi, akizipiga ndimi za moto za pembeni kwa kipande cha mpira alichokifunga kwenye mpini wa jembe. Ilikuwa mwezi wa tatu na nyasi zilikuwa kavu kama karatasi. Orpha alikuwa na miaka hamsini na tisa, ndio kwanza amestaafu baada ya kuwapelekea watu wa milima hii barua kwa miaka thelathini.

Moto ulipotulia akaja dirishani kwangu.

"Umemaliza wazimu wako?" nikamwuliza.

"Ndio kwanza naanza," akasema. "Lete hiyo kahawa."

Akainywa yote, akanirudishia kikombe kitupu chenye alama nyeusi za vidole.

Mama alipofariki alituachia shamba letu hapa kwenye milima ya Ozark, Marekani. Ekari sitini za bondeni zikawa zangu, na thelathini za juu, zinazopakana na msitu wa mialoni, zikawa za Orpha. Mimi nafuga ng'ombe, na nakata nyasi za kukausha, zangu na za majirani wanne. Za Orpha nilikuwa nikizikata pia, mpaka siku aliponiambia trekta langu lisikanyage tena huko. Alitaka nyasi alizopanda baba zife, zile za asili zirudi, zile zinazoota mafungu mafungu na kuacha udongo wazi katikati. Kisa? Bata mzinga wa mwituni.

Utotoni mwetu, majira ya kuchipua yalikuwa na kelele. Ungekamua ng'ombe alfajiri huku madume yanaitana mlima hadi mlima, mpaka baba anauliza kama hayana kazi nyingine. Mwaka ule kabla ya moto wa Orpha nilikaa msituni asubuhi sita na bunduki yangu magotini, nikasikia dume mmoja tu, ng'ambo ya mto, tena mbali. Dukani kwa Dub, tunakonunua chumvi ya ng'ombe na misumari ya uzio, wanaume walikuwa na jibu moja: koyote, yule mbwa mwitu mdogo. Na mimi ndiye niliyelisema jibu hilo kwa sauti kubwa kuliko wote.

"Koyote alikuwapo enzi za babu," Orpha alikuwa akinijibu. "Na bata mzinga walikuwapo. Kilichobadilika ni nyasi, Harlan. Hizi zenu zimesongamana kama zulia. Kifaranga wa ukubwa wa ngumi atapita wapi? Atamwona wapi panzi? Na mnazikata mwezi wa tano, mama yake akiwa bado amelalia mayai."

"Kwa hiyo ng'ombe wangu wale nini? Barua?"

"Wewe kata zako. Mimi naacha zangu."

Alijibu hivyo bila hasira, kama mtu ambaye ameshaona mwisho wa jambo na anawangoja wengine wafike.

Majira ya tatu baada ya moto ule ndipo alipokuja Ione Yost, binti wa chuo kikuu mwenye buti kubwa kuliko mwili wake. Wakati wa baridi alikuwa amewanasa majike ishirini na wawili kwa wavu, akamfunga kila mmoja kifaa kidogo cha kutoa ishara mgongoni, akawaachia. Alizunguka barabara zetu na antena mkononi, akisikiliza nani yuko wapi. Jike mmoja, mwenye kifaa namba arobaini na moja, alipanda kutoka mtoni mwezi wa nne akaingia moja kwa moja kwenye nyasi za Orpha.

Dada yangu hakujisifu. Alinipigia simu tu akaniambia, "Amekuja," akakata.

Jike huyo alitaga chini ya kichaka cha miiba, akaanza kuatamia. Kisha ikanyesha siku tatu mfululizo. Yost alikuwa ametueleza kwamba jike aliyelowa hunuka, na harufu yake huzagaa chini chini kwenye hewa nzito mpaka rakuni, yule mnyama mwizi wa mayai, anaifuata hata gizani. Siku ya nne ishara ilikuwa inahamahama msituni. Tulipokwenda kutazama tukakuta maganda yamepondwapondwa na ute umekauka juu ya majani. Jike alikuwa amenusurika, lakini mayai yote yalikuwa yamekwisha.

Nilimtazama Orpha, nikijiandaa kumfariji. Alikuwa anapapasa nyasi kwa mguu.

"Atataga tena," akasema.

"Wengine hurudia, Bi Orpha," Yost akasema taratibu. "Si wote."

"Huyu atarudia. Ila hapa palikuwa wazi mno upande wa kaskazini. Kosa ni langu, nilifyeka sana."

Kweli akarudia. Wiki ya pili ya mwezi wa sita Yost alikuja nyumbani kwangu, si kwa Orpha, akasimama barazani akizungusha kofia mikononi.

"Bwana Harlan, yule jike amelala juu ya mayai. Yuko kwenye shamba lako la nyasi. Katikati kabisa."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Dada yangu amechoma, ameng'oa, amepanda, miaka mitatu, halafu mgeni wake kaja kwangu! Yost naye akatabasamu kidogo. Halafu akaniambia siku. Jike alianza kuatamia tarehe ishirini ya mwezi wa tano, na mayai huchukua siku ishirini na nane. Hesabu ikaangukia tarehe kumi na saba ya mwezi wa sita. Hapo kicheko kikaniisha. Mvua ilikuwa imeninyima nafasi ya kukata mwezi mzima, nyasi zangu zilikuwa zimeanza kukomaa na kupoteza utamu, na redio ilikuwa imetangaza siku nne za jua tu, kuanzia tarehe kumi na tatu. Baada ya hapo, mvua tena.

Jioni ile Orpha alifika na fungu la vigingi begani na kamba.

"Nataka ukanda," akasema kabla hajaketi. "Kutoka kwenye kiota hadi uzio wangu. Upana hatua arobaini."

"Nitamwachia duara. Hatua kumi kila upande."

"Duara! Unajua rakuni anafanyaje akiona kisiwa cha nyasi katikati ya uwanja mtupu? Anakwenda moja kwa moja, kama wewe na sahani ya mkate wa mahindi."

"Hatua arobaini mpaka kwako ni ekari moja na nusu, Orpha. Hayo ni marobota manne au matano. Mwezi wa pili ng'ombe hawatakula vigingi vyako."

"Mwezi wa pili utakuwa na marobota mia moja na kumi badala ya mia moja na kumi na tano. Usiniletee kilio cha ng'ombe, ninawajua ng'ombe wako, wamenenepa kuliko wewe."

"Shamba ni langu."

"Ni lako," akakubali. "Ndiyo maana nimekuja kuomba." Akaweka vigingi juu ya meza yangu, karibu na maharage niliyokuwa ninakula, akaondoka. Ukimsikiliza ungedhani nimeshakubali.

Sikuwa nimekubali. Tarehe kumi na tatu umande ulipokauka, kama saa nne asubuhi, niliunga mashine ya kukatia nyuma ya trekta nikaingia shambani. Yost alikuwa ameweka utepe wa rangi ya chungwa kwenye tawi nililolichomeka mwenyewe, hatua kumi na tano kutoka kwenye kiota, ili nisipite hapo. Nilianza upande wa chini, mbali na uzio wa Orpha, nikawa nakwenda na kurudi kuelekea juu, kama ninavyofanya siku zote. Nyasi zililala safu kwa safu, na harufu yake ilikuwa ile ile ninayoipenda kuliko harufu ya chakula. Kufikia saa saba nilikuwa nimefika kwenye utepe ule, nimebakiza upande wa juu tu, hadi uzio wa Orpha.

Nikapita karibu yake. Sijui kwa nini nilitazama chini. Nilimwona.

Alikuwa amejibana ardhini, shingo ameinyoosha juu ya majani kama mzizi, manyoya yana rangi ya majani ya mwaloni yaliyokauka. Meno ya mashine yalikuwa yanatetemesha udongo hatua chache kutoka kwake na hakuinuka. Jicho moja lilikuwa linanitazama, halipepesi. Mwanzoni mwa kuatamia angeruka. Siku nne kabla ya kuangua haruki. Anabaki hapo, iwe iwavyo.

Nikakanyaga breki. Nikazima mashine, nikazima na trekta, nikabaki nimekaa nimeshika usukani.

Nililijua jicho lile. Miaka miwili kabla, katika shamba hili hili, mwezi wa tano, nilisikia mashine inagonga kitu laini, nikasimama nikashuka. Sitasimulia nilichokiona. Manyoya yalikuwa yananing'inia kwenye meno, na mayai yalikuwa yametawanyika, mengine mazima, yana joto bado. Nilichimba shimo kwa kisigino cha buti nikafukia kila kitu. Kesho yake nilikwenda dukani kwa Dub, mtu akauliza mbona bata mzinga wamepotea, nami nikasema koyote.

Niliinua meno ya mashine mpaka juu kabisa, nikarudi nyuma polepole, nikaendesha hadi penye uzio. Orpha alikuwa amesimama upande wake, mikono juu ya nguzo. Sijui alikuwa pale tangu saa ngapi.

"Umesimama," akasema.

"Nitaacha ukanda. Hatua arobaini, kama ulivyotaka." Kisha, kwa kuwa kama nisingesema wakati ule nisingesema kamwe, nikamwambia. Nilimwambia nikiwa juu ya kiti cha trekta kwa sababu niliogopa kushuka.

Aliitoa mikono yake kwenye nguzo. Kisha akauliza, "Lini?"

"Mwaka juzi. Mwezi wa tano."

"Mayai mangapi?"

"Kumi na mawili."

"Uliyahesabu."

"Niliyahesabu."

"Na miaka miwili unaniimbia koyote." Uso wake ulikuwa mwekundu kuanzia shingoni. "Mimi nilikuwa nachoma moto peke yangu, Harlan! Mgongo unaniuma mpaka leo. Ungekuja ukaniambia siku ile ile, tungekuwa wawili."

Nilishuka.

Alinitazama kwa muda kama mtu anayesoma anwani iliyofutika. Halafu akavua glavu zake akanirushia kifuani.

"Vaa. Huu uzio aliouweka baba kwa ajili ya nguruwe una matundu madogo chini. Mama yao ataruka juu, watoto watabaki huku wanalia. Hawawezi kuruka mpaka wafikishe wiki mbili. Tunaukunja wote, kuanzia nguzo hii hadi mwerezi ule. Leo."

Tulifanya kazi mpaka jua likashuka nyuma ya msitu, tukikata waya ulioshikwa na mizizi ya miaka arobaini. Mara moja alinikanyaga mguu na hakuomba radhi, nikaona ni haki yake. Tulipomaliza alinigawia nusu ya mkate wake wa nyama ya nguruwe, na hapo nikajua kwamba hasira yake, ingawa bado ipo, imepata mahali pa kukaa.

Siku tatu zilizofuata nilimalizia kukata pande mbili za ukanda, nikakausha nyasi, nikazifunga marobota, nikazipeleka ghalani. Ule ukanda ulisimama katikati ya shamba lililonyolewa, ukielekea juu kwa Orpha.

Tarehe kumi na saba asubuhi Yost alikuja mbio, buti zinapiga kelele barazani.

"Ametoka kiotani! Anakwenda taratibu sana. Anasimama, anakwenda, anasimama."

"Maana yake nini?" nikauliza.

"Maana yake ana watu wa kungoja," Orpha akajibu kutoka nyuma yake.

Tulingoja mpaka adhuhuri ndipo tukaenda kwenye kiota. Mayai yalikuwa kumi na moja. Kumi yalikuwa yamefunguliwa vizuri upande wa kichwa, kama vile kila mmoja ndani alizungusha kisu kidogo na kusukuma kifuniko. Moja lilikuwa zima na baridi. Nyasi za ukanda zilikuwa zimelala kidogo kidogo, njia nyembamba inayoelekea kwenye uzio tulioukunja. Orpha aliokota ganda moja akalipindua kwenye kiganja.

"Kumi," akasema. "Mara hii yameisha kwa namna nzuri."

Saa tisa mvua ikaanza. Haikuwa ile ya radi inayopita, ilikuwa mvua ya kudondoka bila kukoma, yenye upepo wa kaskazini, ya kumfanya mtu atafute koti mwezi wa sita. Ndiyo mvua inayoua vifaranga. Wana manyoya ya pamba tu, yakilowa yanalala, na mama yao hawezi kuwafunika wote wakikaa majimaji. Ilinyesha usiku kucha na kesho yake yote. Nilizunguka ndani ya nyumba kama ng'ombe aliyefungiwa zizini, mwishowe nikavaa koti nikapanda kwa Orpha.

Nilimkuta anakula supu.

"Watakufa wote," nikamwambia.

"Kaa ule."

"Orpha, kumi wale! Baada ya yote yale."

Aliweka kijiko, akavaa buti zake, akanishika mkono wa koti kama alivyokuwa akinishika tukienda shuleni. Akanipeleka hadi ukingoni mwa shamba lake, mbali na pale ishara ya jike ilipokuwa, akanielekeza fungu moja la nyasi, refu hadi kiunoni, majani yake yameinama pande zote kama paa la makuti.

"Piga magoti."

"Kwenye tope?"

"Harlan, piga magoti, ingiza mkono humo chini."

Nikapiga magoti. Maji yalikuwa yananitiririka shingoni. Nikaingiza mkono chini ya lile fungu, hadi kwenye shina, nikagusa udongo. Ulikuwa mkavu. Ulikuwa mkavu kabisa, unabonyea vidoleni kama unga, na katikati yake mdudu mdogo akapanda juu ya kucha yangu akaendelea na safari yake. Nikaingiza mkono kwenye fungu la pili, na la tatu. Kavu.

"Mafungu kama hayo ninayo ekari thelathini," Orpha akasema juu yangu, huku mvua ikimdondoka kwenye ukingo wa kofia. "Sasa tunaweza kula supu?"

Tukala supu. Nilikula bakuli mbili.

Jumatatu jua lilipotoka nilikwenda kwa Dub kununua kamba za marobota. Wanaume watano walikuwa wamekaa kwenye ndoo zao, na maneno yalikuwa yale yale. Niliwaambia niliyoyafanya mwaka juzi. Niliwaambia yote, hadi shimo la kisigino, kisha nikawaambia juu ya ukanda. Hakuna aliyecheka. Dub alijifanya anapanga masanduku ya misumari. Kisha Vernon, ambaye ni jirani yangu kwa miaka kumi na minane na hukata nyasi zake mwenyewe, akatazama mikono yake akasema, "Mimi nimewakata wawili. Mmoja mwaka jana." Baadaye akanifuata nje hadi kwenye gari, akauliza ule ukanda upana wake ni kiasi gani, na kama lazima ufike msituni.

Siku ya kumi na tano tangu vifaranga waanguliwe tulikwenda kuhesabu, Yost, Orpha na mimi, kabla jua halijachomoza. Tulilala kifudifudi nyuma ya gogo chini ya mialoni. Kukapambazuka, ukungu ukaanza kupanda kutoka mtoni, na juu ya tawi moja nene tukaona umbo la jike, mabawa yake ameyatandaza kidogo kama shali.

"Nawaona," Yost akanong'ona. "Ngojeni wajitokeze."

Kifaranga wa kwanza akatoka chini ya bawa la kushoto, akanyoosha shingo. Wa pili akatoka upande ule ule. Upande wa kulia wakatoka wanne kwa pamoja wakisukumana. Nilihesabu kwa vidole kwenye majani. Sita. Kisha wa saba, mdogo kuliko wenzake, akatoka nyuma ya mkia kama aliyechelewa kuamka.

Jike akaita, mlio mfupi wa chini, akajirusha. Nao wakajirusha, mmoja mmoja, mabawa yakipiga harakaharaka, wakatua kwenye nyasi za Orpha kwa vishindo vidogo. Wa saba alisitasita. Akaruka, akapinda vibaya, akaanguka ndani ya fungu la nyasi, akatoka anajitikisa na kuwakimbilia wenzake.

"Saba kati ya kumi," Yost akasema. "Nimefuata majike ishirini na wawili mwaka huu. Hakuna mwingine aliyefikisha watatu."

"Mwakani tutawapata tisa," Orpha akasema, akijifuta majani magotini. "Ile pembe ya kaskazini nitaiacha iote vichaka."

"Tutaiacha," nikasema.

Alinitazama kwa jicho la pembeni. "Haya. Tutaiacha."

Sikuweza kukaa zaidi. Umande ulikuwa umeanza kukauka, na Vernon alikuwa ananingoja shambani kwake na fungu la vigingi, nimwonyeshe pa kuanzia kupima ukanda wake.